Mashine Sita, Modemu Moja: Siku ya Walimu Kumi na Tisa Newala

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilikuwa nimeshasimama mlangoni mwa karakana ya mashine za ofisi mjini Masasi, mkononi bisibisi moja niliyoazima kwa mjomba. Kazi ilianza saa mbili. Msimamizi wa Karakana alifika saa mbili kasoro dakika tano, akanitazama, akaitazama bisibisi, akasema, "Hiyo mrudishie mwenyewe. Wiki ya kwanza hutafungua kitu. Utauliza."

"Nimuulize nani, mzee?"

"Aliyeleta mashine. Jana ilifanya nini? Juzi ilifanya nini? Ukishajua ya juzi, skrubu ya kufungua utaiona mwenyewe."

Tulikuwa tukitengeneza taipureta, mashine za durufu za kuzungusha kwa mkono, na mashine za kujumlisha. Taipureta ina mikono myembamba ya chuma, kila mmoja umebeba herufi yake nchani. Ukibonyeza, mkono unaruka, unapiga utepe wa wino, unarudi mahali pake kabla mwenzake hajafika. Nilipofunguliwa ya kwanza nikaona mikono ile yote imelala kama mbavu za samaki, nilibaki nimeinama juu yake mpaka saa ya chai. Msimamizi alicheka. "Ukiacha kushangaa, uache na kazi," aliniambia.

Nilikaa pale miaka kumi na mmoja. Soko huria lilipofika, ofisi zilipunguza watu na mashine zao zikanadiwa uani. Karakana ikafungwa. Msimamizi akarudi kwenye mikorosho yake, nami nikabaki na kisanduku cha zana ambazo hakuna aliyezihitaji. Wafanyabiashara wakaanza kuleta kompyuta zilizokwishatumika. Zilishushwa kutoka kwenye malori zikiwa na vumbi la safari, na wanunuzi hawakujua zinawashwa wapi.

Sikupelekwa kozi yoyote. Nilinunua kitabu kimoja cha mafundi, cha Kiingereza, nikakisoma kurasa mbili kwa siku pamoja na kamusi. Katika daftari nilichora safu tatu: dalili, nilichofanya, kilichotokea. Vijana wanaosoma haya watacheka, kwani leo jibu wanalipata mfukoni. Lakini kitu nilichokiandika kwa mkono baada ya kukihangaikia siku mbili sijakisahau hata kimoja.

Kazi ya kuunganisha mashine nyingi kwenye mtandao mmoja niliifanya mara ya kwanza katika shule moja upande wa Lukuledi. Palikuwa na kompyuta mbili na laini moja ya simu. Mkuu wa Shule, mzee mnyoofu wa kanisani, alisimama nyuma yangu nikivuta waya.

"Hii imeunganishwa na nini?" aliuliza.

"Na ile pale, Mwalimu."

"Na ile pale?"

"Na simu."

"Na simu imeunganishwa na nini?"

Nilibonyeza, tukasubiri karibu dakika tatu, na ukurasa ukaanza kushuka kwenye mashine ya pili, ile isiyo na simu, mstari mmoja mmoja. Mkuu wa Shule alivua kofia yake akaishika kifuani, kama mtu aliyeingia ibadani kwa kuchelewa. Hakuirudisha kichwani mpaka nilipozima.

Nieleze kwa ufupi, kwa sababu yaliyofuata yanategemea hapa. Mashine moja tu ndiyo yenye njia ya kutoka nje, nasi tuliiita mwenyeji. Nyingine zinaungwa nayo kwa kebo, kupitia kisanduku chenye matundu kinachoitwa swichi. Mwenyeji hujipa anwani, yaani namba ya kutambulika, na sikuzote anwani hiyo huishia na moja. Halafu huzigawia nyingine namba zao, kila moja na yake. Mashine ya tatu ikitaka kitu, humwomba mwenyeji. Mwenyeji hutoka nje, huleta, humkabidhi aliyeomba. Wakiomba watano kwa pamoja, huleta vya wote watano bila kuvichanganya. Nimeisoma sababu yake, nimeifahamu, na bado hilo la kutokuchanganya linanistaajabisha.

Kampuni za simu zilipojaza minara, modemu, yaani kifaa cha kuingilia mtandaoni, ikawa kijiti cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Wakati huo nilikuwa na mkataba wa kuhudumia kituo kimoja cha mafunzo Newala, chenye kompyuta sita na kijiti kimoja. Mwanzo walikuwa wakikihamisha kijiti kutoka mashine hadi mashine kwa zamu, hivyo kila kompyuta ilishawekewa programu ya kijiti hicho. Nilipokwenda niliwaunganishia zote sita. Mashine ya dirishani niliifanya mwenyeji, kijiti nikakining'iniza kwa waya nje ya nondo kikitazama mnara. Nikamwonyesha Mama Issa, katibu muhtasi wa kituo, kisanduku kidogo kwenye kioo kinachowekwa tiki ili kuruhusu wengine watumie mtandao. "Tiki hii ikitoka, wote wanakosa," nilimwambia. Nilijiona nimefundisha vizuri.

Wiki mbili baadaye Mkuu wa Kituo alinipigia simu alfajiri. Nilishuka kwenye gari la Masasi na kuingia ofisini kwake saa nne na dakika kumi na mbili. Ilikuwa siku ya mwisho ya walimu kutuma maombi ya chuo. Mwaka huo karatasi hazikupokelewa. Maombi yote yalikuwa ya mtandao, na mlango ungefungwa saa kumi kamili jioni. Mashine ya dirishani ilifanya kazi. Tano zilikuwa zimekufa kwa mtandao, ingawa ziliwaka vizuri.

Walimu walikuwa wamepanga foleni kama inavyopangwa kwenye kioski cha maji Newala, mji wa shida ya maji, ambako ndoo ndiyo husimama badala ya mtu. Hapa zilisimama bahasha. Zilikuwa kumi na tisa, zimepangwa sakafuni kuanzia mlangoni, na wenyewe walikuwa nje wakiota jua, maana upepo wa Newala asubuhi ile ulikuwa unakata.

Nilifanya hesabu kwenye daftari. Mtu mmoja alihitaji nusu saa. Mashine moja, hadi saa kumi, ingemaliza watu kumi na mmoja. Wanane wangekosa.

Bahasha ya kumi na tisa ilikuwa ya Mwalimu Mama Somoe, kutoka Mkunya. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza tangu ujana wake. Mkuu wa Kituo alininong'oneza habari zake: ruhusa ya masomo aliyopata ilikuwa ya mwaka huo tu, na mwaka uliofuata umri wake usingemruhusu kuomba tena. Asipotuma leo, basi.

"Shikamoo, Mama Somoe," mwalimu mmoja mrefu wa hisabati alimwita. "Njoo uchukue nafasi yangu, mimi ni wa nne."

"Marahaba. Na wewe uende wapi?"

"Mimi kijana, nitaomba mwakani."

"Foleni ni foleni, mwanangu. Nikikuruka leo, kesho kioskini nitawaambia nini watoto ninaowafundisha kupanga mstari?" Akafunga kanga yake vizuri, akakaa.

Mwalimu wa hisabati akanigeukia mimi. "Fundi, fanya haraka! Au kwa kuwa ninyi wa Masasi maji yako karibu, hamjui kukimbia?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshakosea. Daftari langu lilionyesha kwamba mara mbili zilizopita tatizo la kituo kile lilikuwa panya kutafuna kebo darini. Nikaamini daftari. Nilipanda darini, nikashuka, nikakata vichwa vya kebo zote tano pande zote mbili, nikavifunga upya kwa koleo. Kichwa kimoja cha kebo kina nyaya nane nyembamba zinazopangwa kwa rangi. Ukikosea moja unaanza tena. Nilifunga vichwa kumi. Nikaenda dukani kuazima swichi nyingine, nikaijaribu. Taa zake zote ziliwaka kijani, kama zilivyokuwa zikiwaka za ile ya kwanza tangu asubuhi, jambo ambalo lingetosha kunieleza kwamba waya ni mzima. Saa nane na dakika ishirini walikuwa wamemaliza watu wanane, na mashine tano zilikuwa kimya.

Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni. "Fundi, hawa nikiwarudisha vijijini, uso wangu nitauweka wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu nimeshuka garini sikuwa nimeuliza kitu. Nilitafuta daftari, sikutafuta mtu.

"Jana nani alizitumia mashine hizi?"

"Mama Issa. Amekwenda kwenye maji, leo kioski cha mtaani kwao kimefunguliwa baada ya siku tano."

Akafika wakati tukimtaja, pindo la kanga limelowa, anahema. Nilimuuliza alichofanya jana.

"Sikuharibu kitu, Baba," alisema. "Nilitengeneza tu. Nilikagua kile kisanduku ulichonionyesha. Nikakuta mashine ya dirishani peke yake ndiyo yenye tiki ya kuruhusu wengine. Hizi tano zinapokea tu, hazitoi! Nikasema, mbona ni uchoyo huu? Nikaziwekea zote."

"Hazikukuambia kitu?"

"Kulikuwa na maneno ya Kiingereza pale kwenye kona. Nikayafunga."

Walimu waliokuwa mlangoni walitikisa vichwa, si kwa kumlaumu; walimwelewa mara moja. Newala, mwenye maji kwenye tangi lake wakati wa kiangazi hafungi mlango. Jirani atapata walau ndoo moja, na yule jirani akipata, atampa wa nyuma yake. Mtu anayepokea asitoe hukumbukwa vibaya hadi kwenye msiba wake. Mama Issa alikuwa amezitendea kompyuta alivyowatendea majirani tangu alipojua kubeba ndoo. Nami nilipomfundisha, nilimweleza tiki inafanya nini. Sikumweleza kwamba anayegawa lazima awe mmoja.

Nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kioo cha mashine ya pili, nikauliza anwani. Ikaishia na moja. Ya tatu, moja. Ya nne, ya tano, ya sita: moja, moja, moja. Kila mashine ilikuwa imejitangaza mwenyeji, imejipa namba ileile, inasubiri kuombwa. Hakuna iliyokuwa ikiomba. Nilisimama nikizitazama, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau saa. Katika miaka yangu yote ya mashine nimeona kutu, panya, radi na chai iliyomwagika. Ukarimu ukiharibu kitu niliuona siku ile tu.

"Mama Issa," nilisema, "njoo tutoe tiki pamoja. Lakini ya dirishani usiiguse, mwalimu anajaza pale."

Alitoa tiki tano kwa mkono wake. Nilifuata nyuma yake nikiweka kila mashine ipokee anwani yenyewe, kisha naizima na kuiwasha. Saa nane na dakika arobaini niliuliza tena anwani. Mashine ya pili ilikuwa na namba yake, ya tatu yake, zote zimepewa kutoka dirishani. Mwalimu wa hisabati, aliyekwisha kutuma yake zamani na hakuondoka, alipiga makofi.

Mwalimu wa dirishani naye alikuwa amemaliza, na bahasha sita ziliondoka sakafuni kwa mpigo. Mtandao sasa uligawanywa kwa sita, kila ukurasa ukashuka polepole, na nusu saa ikawa dakika arobaini. Kijiti kile kilining'inia kwenye nondo kikipepesa taa yake ya buluu, upepo ukikisukuma, na ndani yake walipita watu sita na majina yao, miaka yao ya kuzaliwa, alama walizopata walipokuwa vijana. Nilikishika kidogo kwa vidole. Kilikuwa cha moto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Mama Somoe alikaa mbele ya mashine ya sita saa tisa na dakika ishirini na mbili. Aliandika kwa kidole kimoja. Mama Issa alikaa naye, anamsomea namba za cheti. Saa tisa na dakika hamsini na tano alibonyeza kitufe cha kutuma, kioo kikawa cheupe. Kikabaki cheupe.

"Kimekataa?" aliuliza.

"Bado, Mama. Yako imetoka, inasubiri jibu."

"Imefika wapi sasa?"

"Sijui, Mama. Mbali."

Saa tisa na dakika hamsini na nane ilishuka namba ya kupokelewa. Aliinakili mara mbili, moja kwenye bahasha, moja kwenye kiganja. Kisha akaniuliza kama wa upande wa pili wamejua kwamba yeye ni wa Mkunya. Nilimwambia wamejua. Akasema taratibu, "Ee Mungu."

Alichaguliwa. Alirudi na shahada yake na kupewa shule nyingine, darasa la kwanza tena, kwa ombi lake mwenyewe.

Nimestaafu sasa, macho hayaoni tena rangi za nyaya nane. Nawaachia wenzangu wadogo mambo machache. Taa za kijani zikiwaka, ziaminini, waya ni mzima. Daftari ni la kukumbusha, lisizibe masikio. Ukimfundisha mtu kufungua, mfundishe siku hiyohiyo wapi pasifunguliwe, na kwa nini.

Kila kazi niliiandikia taarifa, na fomu ya mkataba ilikuwa na mstari wa mwisho wa kujaza hasara iliyoepukwa, kwa shilingi. Siku ile nilikaa na mstari huo muda mrefu. Mwishowe niliandika kile kilichoweza kuhesabika, yaani ada ya maombi waliyokwisha kulipa na isiyorudishwa, elfu thelathini kwa kila mwalimu ambaye mashine moja isingemfikia kabla ya saa kumi, watu wanane: shilingi laki mbili na elfu arobaini.