Maono Niliyoyatangaza Mapema

Wazee wa kanisa waliponiuliza Mungu ananionyesha nini, ilinipasa niwaambie bado sijui. Badala yake niliwajibu kwamba nimeona kanisa la mawe likisimama kwenye shamba letu la chai. Jumapili nikayatangaza hayo mbele ya waumini wote.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mchungaji karibu na Kapkatet. Wiki hiyo nilikuwa nimetoka Kericho, ambako niliona kanisa kubwa la mawe nikalitamani mpaka usingizi ukanipotea.

Chai ile aliipanda mke wangu, na ndiye aliyekuwa akiichuma. Jumatatu asubuhi alinikuta nikinoa shoka.

"Baba watoto, Mungu alikuambia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita ulikuwa unasifu mawe ya Kericho tu. Hebu tufunge kwanza, tuombe pamoja. Kama ni yeye, atangoja."

"Mama, unabishana na Mungu kwa sababu ya majani?"

Akacheka. "Na Mungu sibishani. Nabishana na wewe."

Nilijua anasema kweli, lakini niliona aibu kurudi kwa waumini kusema nimekosea. Tuling'oa mashina kwa siku nne. Kanisa lilijengwa, na watu wanasali humo hadi leo. Lakini mke wangu hakuniamini tena niliposema nimeomba. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, naye alikufa bila kukubali kuomba na mimi hata mara moja.