Ijumaa ya Kufumua

Kule Mumbuni tulianza wanawake watatu, cherehani tatu na chumba kimoja cha mabati, tukishona sare za shule. Mchana mabati yalilia kwa joto, pasi ya makaa ilitutoa jasho, na bado tuliimba. Siku hizi mjukuu wangu anaita kazi yetu kampuni. Sawa. Mimi shule niliiachia njiani, lakini ile kampuni ya mabati naikumbuka mpaka harufu yake.

Desturi yetu ililetwa na mwenzangu mmoja, mwanamke mnene wa sauti kubwa. Alishona shati la kijana wa sekondari akageuza mikono, wa kulia akauweka kushoto. Akalificha chini ya gunia la vitambaa. Tulilipata siku ya Ijumaa tukipakua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Badala ya kulia, akalivaa. Mikono ilimvuta nyuma, akatembea mbele yetu kama kuku aliyefungwa mabawa.

"Nipigieni saluti!" akasema.

Tulicheka mpaka chakula kikatutokea puani. Tulipomaliza kula, kila mmoja akashika mshono wake, tukafumua. Jioni shati lilikuwa shati. Tangu hapo, aliyeharibu nguo aliivaa Ijumaa akila nayo, halafu tukafumua wote. Hakuna aliyeficha nguo tena.

Tulipofungua tawi Kithimani, walioenda huko walikuwa wamejifunzia kwetu, wakaenda na desturi kama mtu anavyohama na sufuria zake. Kisha tukafungua Syokimau, karibu na stesheni ya treni. Huko msimamizi ni mtoto wa binti yangu. Ana meza ya kioo! Nikimwona hapo, kifua changu hakitoshi kwenye blauzi. Vijana wake wametoka kila mahali, na Kiswahili chao nusu nakisikia, nusu nakikisia.

"Susu," akaniambia, maana kwetu nyanya ni susu, "tutaungana wote kwa simu kila Ijumaa, tuonane. Desturi yetu isipotee."

Basi simu ikasimamishwa juu ya kopo la vifungo. Sisi na Kithimani tumevaa aibu zetu tukipiga kelele. Syokimau wamekaa wasafi kama kwaya.

"Huku hatujakosea," wanasema. Kila wiki hawajakosea! Nikawaambia wenzangu, hao ama hawashoni ama wanaficha.

Walikuwa wanaficha. Msichana wao wa kukata vitambaa, mkono wao bora kabisa, alikata sketi za wasichana wakubwa kwa urefu wa za wadogo, na zilipokwisha kushonwa akazisukuma kabatini. Zikapatikana. Ijumaa akaambiwa avae moja mbele ya simu. Akatoka nje, hakurudi mpaka simu ilipozimwa.

"Anataka kuacha kazi," mjukuu akanipigia. "Na mimi Susu nimechoka. Hii desturi naiondoa. Itanimalizia watu."

Iliniuma. Ikiondoka huko, hata kwetu itabaki mchezo wa wazee. Asubuhi nikapika muthokoi, nikafunga hotpoti kwa leso, nikaenda Syokimau mwenyewe.

Nikakuta kila mtu anakula chipsi zake kwenye kiti chake, masikio yamezibwa na muziki. Nikamwendea yule msichana.

"Shosho, mimi siwezi kuchekwa na simu," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yao ya mjini, kabla sijafungua mdomo.

"Na ungevaa, nani angekusaidia kurekebisha?"

Akaniangalia kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. "Si ni mimi nilikosea? Nabeba naenda kurekebishia nyumbani."

Hapo ndipo nikaelewa. Simu inakula bando, kwa hiyo mjukuu wangu alikuwa anaikata kicheko kikiisha. Sisi tukiinama kufumua, Syokimau wameshazima. Hawakuwahi kuona. Waliona wazee wanachekana tu, basi.

"Sogezeni viti," nikasema. "Na wewe wa kioo, njoo hapa chini."

Sketi fupi hairefuki, ikabidi tuzifumue zikatwe upya za watoto wadogo. Nikapakua chakula, tukala huku tukifumua. Kuvaa hakuna aliyekutaja. Mjukuu wangu akashika chaki, akachora mstari umepinda mpaka nikaona haya.

"Bosi," yule msichana akasema, "hiyo ni sketi ama ni ramani ya Kenya?"

Chumba kikapasuka. Mjukuu wangu alicheka akajifuta machozi kwa sketi yenyewe, akajipaka chaki uso wote.

Ijumaa iliyofuata, simu yetu Mumbuni haikulia. Wenzangu wakaanza: "Mbona Syokimau hawaonekani? Wametuacha?"

Nikapiga mimi. Nilisikia kelele, mtu anamtania mwingine, vijiko.

"Susu, nitakupigia! Niko na nyuzi mkononi!" Akakata.

Hakunipigia mpaka Jumatatu.