Siki ya Mbaruku

Jirani yetu Mbaruku ndiye aliyenifundisha kwamba tembo lina saa zake. Likishuka mnazini alfajiri ni tamu kama asali, hata mtoto hunyweshwa. Jua likipanda huanza kuchoma ulimi. Jioni humwangusha mtu mzima. Alinieleza hayo kupitia ua wa makuti uliopo kati ya kwao na kwetu, na mimi nikamwuliza, "Na ukiliacha zaidi?" Akacheka. "Hapo ndipo riziki yangu ilipo."

Kwao ni Kakuyuni, kwa Wagiriama, na jina alilopewa na babake ni Mwambire. Tangu ujana kazi yake ni kugema: kupanda minazi asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni, kukata ncha ya kole, kile kikonyo cha maua ya mnazi, kidogo tu ili itone, kisha kushusha vibuyu. Mkewe alipofariki alishuka hapa mjini Malindi, akasilimu kwa Mwalimu Shee, ambaye ndiye mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akapewa jina la Mbaruku. Akaacha kunywa siku ile ile. Kwenye hanga, matanga ya kakake, alikataa kushika mrija wa tembo, na nduguze wakamwita mdzomba, yaani Mswahili wa mjini asiye wao tena. Hawajamtembelea tangu hapo.

Mjini nako hawamtembelei. Miaka mitatu sasa hajala mtu nyumbani kwake. Msikitini humpa mkono, lakini nyuma yake hawasemi Mbaruku, husema "yule mgema". Hicho ndicho kilichomkaa moyoni. Mara nyingi nimemsikia akijisemesha jikoni: "Siku moja watakuja. Nitawapikia."

Sababu ya kumkimbia ni mtungi wake wa kugeuzia tembo siki. Nakumbuka siku alipokuja chuoni, mbele yetu sote, akauliza, "Mwalimu, mimi sijui kushona wala kuchuuza. Najua mnazi. Nifanyeje?"

Mwalimu Shee akamgeukia. "Msahafu umekiri kwamba kileo kina manufaa kwa watu," akasema, "kisha ukasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi usinywe, usiuze, usimbebee mtu. Lakini tembo likigeuka lenyewe likawa siki, ni safi. Mtume alikisifu kitoweo hicho. Sharti ni moja: usitie kitu ndani. Hata punje ya chumvi ya kuliharakisha, usitie."

Nikadakia, maana mimi siwezi kunyamaza. "Mwalimu, na zile siku za katikati, halijawa siki na si tamu tena, ni nini?"

"Ni tembo. Ni najisi."

"Zitakwisha lini?"

"Muulize mgema," akasema, na chuo kizima kikaangua kicheko. Mbaruku hakucheka. Alijibu taratibu, "Siku arubaini, mwanangu."

Tena ni siku arubaini za kukaa peke yake, kwani harufu hufika njiani na watu hupitia upande wa pili.

Mwaka huu wa 1911, mwishoni mwa Shaabani, alijaza mtungi mmoja mkubwa akaufunika kitambaa. Mwalimu akamwahidi mbele ya watu: "Ijumaa ya kwanza baada ya Idi tutakuja kula kwako, mimi na jamaa wa msikitini. Tutaionja siki yako kwenye achari." Basi mfungo wote wa Ramadhani Mbaruku alikuwa akiniuliza kupitia makuti, "Watakuja kweli?" Nami nikimjibu, "Mwalimu akisema huja."

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo, alasiri, nikasikia sauti ya kike mlangoni kwake.

"Hodi humu! Mwambire! Umekufa?"

Alikuwa dadake, Kadzo, kibuyu kichwani, vumbi hadi magotini. Nikamwamkia, nikamwambia nduguye amekwenda kuswali.

"Tena? Si aliswali jana?" Akacheka mwenyewe. "Nimesikia ana karamu kesho. Sikuweza kukaa. Na mtu haendi karamuni mikono mitupu."

Akaingia uani, akaufunua mtungi, akachovya kidole, akalamba. Uso wote ukamkunjana. "Maskini ndugu yangu! Limechacha! Atawapa watu hiki?" Nikapiga kelele, "Mama, ngoja!" Nilichelewa. Kibuyu chote cha tembo kilikuwa kimekwisha kumiminwa.

Mbaruku aliporudi nilimsikia akilitaja jina la dadake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto. Walicheka, wakaulizana habari za watu wa nyumbani. Kisha Kadzo akasema, "Nimekuokoa na aibu. Tembo lako lilikuwa limekufa, nimelifufua."

Mbaruku akaacha kucheka.

"Umetia nini, dada?"

"Tembo la asubuhi. La mnazi wa mama."

Mbaruku akaja uani, akasimama karibu na makuti. "Nani mwingine ameona?" akaniuliza.

"Mimi tu."

Akakaa chini. Kadzo akaonja tena. "Mbona lingali chachu vile vile? Nani atajua?"

"Hakuna atakayejua," akasema Mbaruku polepole. Akautazama mtungi. Halafu akavaa kofia yake akatoka, na nikajua anakwenda kwa Mwalimu Shee.

Alirudi kabla ya magharibi. "Amesema nimwage," akamwambia dadake. "Amesema watakuja hata bila siki." Mtungi ulikuwa mzito na mgongo wake haukumruhusu kwenda mbali. Aliukokota hadi nje ya mlango, akaumwaga mchangani.

"Unamwaga mkono wangu, zawadi niliyokuletea?" Kadzo akasema.

"Si mkono wako, dada. Ni tembo."

"Nimelibeba kichwani tangu alfajiri!"

"Kaa. Kesho ule nami."

"Nile na nani? Na hao waliokufundisha kunimwagia?" Akachukua kibuyu chake kitupu akaenda kulala kwa Wagiriama wenzake huko sokoni. Mbaruku alimfuata hadi njiani akimwita. Hakugeuka.

Ijumaa alipika tangu asubuhi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Harufu ilinitoa mate. Baada ya swala wakaja, Mwalimu mbele, watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Lakini jua lilikuwa limeuchoma mchanga ule, na tembo likapanda puani. Wakasimama.

"Mwalimu, hapa pana tembo. Tutakanyaga na kanzu hizi?" akasema mmoja wao.

"Si nilisema? Mgema ni mgema," akadakia mwingine.

Mbaruku akatokeza mlangoni. "Ni lile nililomwaga! Mwalimu, si wewe uliyeniamuru?"

Mwalimu akatazama chini. "Ni kweli, niliamuru. Lakini mlango umelowa, Mbaruku. Uoshe kwa maji mengi. Tutakuja Ijumaa nyingine."

"Ijumaa ipi?"

Labda Mwalimu hakusikia. Walikwisha kuanza kuondoka.

Alichota maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, akauosha mchanga mpaka ukawa matope. Hakuna aliyerudi. Mimi nilikuwa na njaa, na mlango wake ulikuwa wazi, lakini mama yangu alinishika mkono nisiende.

Mwishowe akaketi barazani, sinia mbele yake, akanawa, akasema bismillahi. Alikula upande ulioelekea kwake tu, kama tunavyofundishwa tunapokula na wenzetu. Hakunyoosha mkono kwingine. Alipomaliza, upande wake ulikuwa umechimbika kidogo, na pande nyingine zote wali ulikuwa umesimama vile vile, na samaki juu yake.