Zizi la Wanaochechemea

Mama yangu anaamka na ngumi. Vidole vyake vinajifunga usiku, na asubuhi havifunguki mpaka avikande kwa maji ya moto, kimoja kimoja, akianza na kile kidogo. Zamani alikamua ng'ombe sita kabla jua halijapanda. Sasa anakaa mlangoni na beseni lake, wadogo zangu wanakamua, na yeye anawasahihisha kwa mdomo. Zahanati walimwambia ni baridi yabisi, wakampa karatasi ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Aliikunja akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, akaendelea kunywa mizizi.

Mizizi hiyo ndiyo iliyomleta daktari nyumbani kwetu, huku kwenye mbuga za Usangu, ambako babu zangu walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Daktari huyu si wa kutibu watu. Anafundisha chuo kimoja mjini Iringa, na kazi yake ni kupima dawa. Alikuwa anazunguka vijijini kuuliza wazee wanatumia nini kwa maumivu ya viungo. Alikaa kwenye kigoda chetu, akashika vidole vya mama, akaomba mizizi.

"Nitakupa," mama akamwambia. "Lakini ukishajua kama inatibu au inanidanganya, nijulishe. Mbeya siendi kabla hujaniambia."

"Mama, itachukua muda. Wewe nenda hospitali tu."

"Nina muda. Ninachokosa ni vidole."

Daktari akacheka. Alipokuwa anafunga begi aliuliza kama kuna kijana anayejua kutunza wanyama, kwa sababu aliyekuwa naye ameacha kazi. Mama akanionyesha kwa kidevu. Nadhani alitaka mtu wake karibu na jibu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Baba alipata wasichana wanne kabla ya mvulana, kwa hiyo niliyechunga ni mimi. Mtu anayechunga peke yake miaka mingi anazoea kutozungumza. Nilipofika Iringa, wiki nzima sikusema zaidi ya "shikamoo" na "ndiyo".

Nyumba ya wanyama ilikuwa nyuma ya karakana ya chuo, chumba kirefu chenye madirisha ya wavu. Wanyama wenyewe walikuwa panya weupe wenye macho mekundu, kumi na watano. Mzee mmoja wa Kihehe aliyekuwa analinda na kufagia ndiye aliyenipokea. Alipojua kwetu ni wapi alicheka mpaka akashika ufagio kwa mikono miwili.

"Msukuma kaletwa kuchunga panya! Sasa hizi utazitolea mahari?"

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma alichookota sijui wapi. "Mwangaluka, mchungaji! Ng'ombe zako zimelala salama?" Nami nilijibu kwa chini-chini, "Zimelala, mzee."

Daktari aliwachoma panya wote sindano ya kitu ambacho mwili hukikasirikia. Wiki ya pili viungo vikaanza kuvimba, kama vya mama. Mguu wa panya ni mwembamba kuliko ukucha wangu wa gumba, lakini ukivimba unauona. Unakuwa mwekundu na unang'aa, naye anautembeza juu kama anaogopa sakafu. Mimi sikuuliza kitu. Aliyeuliza ni mzee.

"Daktari, mnawaumiza halafu mnawatibu. Si mngewaacha tu?"

Daktari hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameulizwa hivyo mara nyingi na kila mara anachoka upya. "Mzee, siwezi kumpa mama wa huyu binti kitu nisichokijua, halafu nimpasue goti nione kimefanya nini ndani. Ningeweza, nisingewagusa hawa."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Vizimba vitatu, panya watano kila kimoja. Kizimba cha kwanza walikunywa maji matupu. Cha pili maji yenye mizizi ya mama. Cha tatu maji yenye dawa ya hospitali. Kila panya alikuwa na mistari kwenye mkia kwa kalamu ya wino mzito, mmoja mpaka mitano, na hesabu hiyo ilianza upya katika kila kizimba. Kwa hiyo walikuwepo watatu wenye mistari mitatu, na kilichowatofautisha kilikuwa kizimba tu. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kubadilisha maranda, kukoleza mistari inapofutika, na kumshika panya daktari anapopima unene wa mguu kwa kile chombo chake cha kubana. Usiku nilikaa chumba cha kupanga, nikivaa soksi mbili, maana baridi ya Iringa ilikuwa haijanizoea.

Ijumaa moja daktari alisafiri kwenda Mbeya kwenye mitihani, akaniachia funguo. Jumamosi asubuhi nilikuta mambo yameharibika. Panya sita walikuwa hawawezi kusimama vizuri. Chakula chao kiko juu, kwenye wavu wa kizimba, na panya lazima anyanyuke kwa miguu ya nyuma akifikie. Hao sita walikuwa wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, wenzao wakiwapanda mgongoni kukifuata.

Kwetu hilo halina majadiliano. Ng'ombe anayechechemea halali na wazima, watamkanyaga. Pembeni ya boma kuna kizizi kidogo karibu na nyumba, na huyo analala hapo, na majani anakatiwa na kuletewa mdomoni. Hata mtoto wa miaka sita anayeona ndama anachechemea hasubiri ruhusa ya baba. Anamtenga kwanza.

Nikachukua kizimba kitupu. Nikakijaza maranda mara mbili ya kawaida, nikawahamisha wote sita humo, chakula nikakimwaga chini, nikawawekea chupa ya maji ya bomba. Wakala. Nilikaa nawatazama mpaka wakashiba, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivyo Iringa.

Kuhusu nani ni wa wapi sikuwa na wasiwasi. Mchungaji hahesabu, anatazama. Ng'ombe wa baba walipokuwa themanini niliweza kukwambia nani hayupo kwa kuangalia vumbi lao tu. Hawa sita niliwajua kwa mwendo.

Jumatatu nilifika mapema kuwarudisha kabla daktari hajaja. Wanne niliwarudisha bila kufikiri. Wakabaki wawili, wote mistari mitatu, wote wanachechemea mguu wa kushoto wa nyuma. Mmoja alikuwa wa kizimba cha mizizi na mwingine wa dawa ya hospitali. Nikawaacha watembee mezani. Walitembea sawasawa. Nikawaweka tena chini, nikawageuza, nikawanusa hata. Nje nikasikia mzee anamsalimia daktari. Nikaweka mmoja huku, mwingine kule.

Alhamisi daktari akapima. Nilikuwa nimemshika yule wa mistari mitatu wa kizimba cha mizizi. Alibana mguu, akasoma, akabana tena. Akafungua daftari la wiki iliyopita.

"Hebu mshike vizuri." Akabana mara ya tatu. "Huyu ameshuka sana. Na mwenzake wa dawa ya hospitali amepanda." Alivua miwani akaifuta kwa koti. "Panya mmoja si jibu. Lakini kama wengine watamfuata huyu..."

 Alitabasamu, na nikagundua kwamba tangu nifike sikuwa nimewahi kuona meno yake. Kwa macho yangu miguu ile miwili ilikuwa sawa. Kwa chombo chake haikuwa sawa hata siku ya kwanza; huenda kilichobadilika ni vizimba tu.

Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo wangu haufanyi kazi hivyo. Neno likinikwama leo, kesho linakuwa limekua.

Jumapili mama akapiga simu. Aliongea kwa sauti ya juu kama kawaida, kana kwamba Iringa ni ng'ambo ya mto.

"Mizizi yangu inaendeleaje huko?"

Mzee alikuwa karibu, akadakia kabla sijajibu. "Mama, hujambo! Mizizi imeipiga dawa ya hospitali chini, pwaa!"

"Nani huyo?"

"Mzee wa hapa," nikasema.

"Ni kweli anachosema?"

Nikasema, "Inaonekana nzuri, mama."

 Halafu nikamsikia anamwambia mdogo wangu, pembeni ya simu: "Wajulishe wale wa gari kwamba wiki ijayo siendi. Panya wamepona."

Sikujua kwamba alikuwa amepanga kwenda. Mdogo wangu alinieleza baadaye kwamba magoti nayo yalikuwa yameanza, kwamba alikuwa ameanguka mlangoni na beseni la maji ya moto, na mwishowe akakubali Mbeya bila kusubiri panya. Sasa kwa neno langu moja alikuwa ameirudisha karatasi kwenye kopo.

Siku tatu nilikwenda kazini nikiwa mzito kama niliyevaa nguo zilizolowa. Nilibadilisha maranda. Nilikoleza mistari. Yule panya wa mistari mitatu alikuwa anakuja mbele nikifungua mlango, na kila akija nilitazama pembeni. Nilisimama mara mbili nyuma ya kiti cha daktari, na mara mbili akageuka akasema, "Vipi, dada?" nikasema maranda yamepungua. Mara ya pili akanijibu kwamba maranda yameletwa jana kutoka Mafinga, magunia manne, na mimi ndiye niliyeyapokea.

Basi niliandika. Nilichukua karatasi ya daftari na kukaa juu ya gunia kuanzia saa nane mchana. Mimi naandika polepole, nachora kila herufi. Nilipomaliza jua lilikuwa limehamia dirisha jingine, na nilikuwa na mistari saba. Niliandika kwamba Jumamosi ile niliwatenga wanaochechemea kama tunavyofanya kwetu, kwamba niliwarudisha kwa kuwatambua, na kwamba wawili sina hakika nao. Nikaiweka juu ya daftari lake nikasimama mlangoni.

Aliisoma. Akairudia.

"Ulijuaje wale wanne wengine?"

"Kwa mwendo."

"Kwa mwendo." Hakuwa ananicheka. "Mimi nakuamini. Daftari haliwezi kuandika 'kwa mwendo'. Siku hizo mbili walikunywa nini?"

"Maji."

"Ya chupa zao?"

"Ya bomba."

Hapo ndipo nilipoelewa lile lingine. Nilikuwa nimewaza nani ni nani tu. Sikuwaza kwamba siku mbili hizo hakuna kati yao aliyepata dawa wala mizizi. Daktari aliweka mikono miwili juu ya meza akaitazama, kama mtu anayeangalia kama bado ni yake.

"Hawa hawatatuambia kitu tena," akasema. "Miezi mitatu imekwenda bure. Tutaanza upya."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Kuanza upya kulimaanisha wote kumi na watano kuuawa, kwa dawa ya usingizi, ndani ya chombo chenye kifuniko. Daktari alisema naweza kwenda nje. Nilikaa. Kwetu anayemjua mnyama ndiye anayemshika. Niliwatoa mmoja mmoja, na yule wa mistari mitatu akaja mbele kama kawaida. Mzee alisimama mlangoni na ufagio wake, siku hiyo hakuuliza habari za ng'ombe.

Tulipomaliza daktari alinawa mikono muda mrefu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Lile la chakula kumwagwa chini ulikuwa sahihi. Nilipaswa kuliona mimi. Wakija wengine tutafanya hivyo vizimba vyote, na maranda mara mbili. Lakini kila mmoja kwake. Ukiona kitu, unipigie. Hata kama niko wapi. Hata kama husemi, wewe piga tu, nitajua."

Nikampigia mama nikiwa bado nimesimama pale kwenye bomba.

"Mama, nilikudanganya. Hatujui kitu. Nilichanganya panya, kazi yote imetupwa."

"Uliwachanganyaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Waliokuwa wanachechemea ndio uliowatoa?"

"Ndiyo."

"Ukawalisha chini?"

"Ndiyo, mama."

Akatoa pumzi ndefu. "Sasa mtu mwenye akili angefanya nini kingine?" Kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyekaa chini. "Kwa hiyo hiyo mizizi nakunywa bure au sio bure?"

"Hatujui."

"Miaka minne ya uchungu mdomoni, na mtoto wangu ananiambia hatujui." Nilidhani analia, kumbe anamwita mdogo wangu alete lile kopo lenye karatasi ya Mbeya.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Mbeya. Tulisimama Nyololo muda mrefu, dereva akila, mimi nikiangalia mvua nyembamba ikinyesha juu ya viazi vya watu. Nilimkuta mama amekaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, kanga imefungwa juu ya vidole. Tulisubiri mpaka adhuhuri. Daktari wa hapo alikuwa kijana, naye alionekana amechoka kuliko sisi. Alishika mkono wa mama, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, na alipofika kwenye kile cha kati mama aliurudisha mkono haraka kifuani. Ninaujua urudishaji huo. Nimeushika mikononi mwangu mara nyingi.

Alisema mama angeletwa mapema zaidi ingekuwa vizuri. Alisema dawa zipo, hazinyooshi kilichopinda, zinazuia kisichopinda bado. Akaandika, akasema arudi baada ya mwezi, na kila mwezi.

Tulikaa nje kusubiri gari la kumrudisha mama. Mama alijaribu kufungua kifuniko cha chupa ya maji, akashindwa, akanipa bila kunitazama.

"Hao panya wengine wanakuja lini?"

"Jumatatu."

"Na mizizi mnayo?"

"Imebaki kidogo."

"Nitachimbiwa mingine." Akanywa maji, akafuta mdomo kwa ngumi. "Safari hii uandike."