Kidole Kilichoangalia Juu

Nilipokuwa mtoto kwetu Nduruma, kumruka mtu aliyenyoosha miguu lilikuwa jambo zito. Ukimruka, unarudi palepale unamruka kinyume, la sivyo mguu wake utakufa. Na mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Nilimruka dada yangu Ndeshi akimenya ndizi mlangoni, nikaenda zangu kucheza.

Kesho yake Ndeshi akaamka anaburuta mguu wa kushoto.

Bibi yetu alikuwa na namna yake ya kuangalia. Alichukua kijiti cha ufagio, akanikwaruza mimi kwanza unyayo, kutoka kisigino kwenda mbele. Vidole vikajikunja. Alipomkwaruza Ndeshi, kidole gumba kikanyanyuka polepole, kikaangalia juu.

"Mguu umeikataa ardhi. Nani kamruka?"

Nikalia kabla sijajibu.

"Ni wewe! Haya, mruke kinyume. Tena. Tena!"

Siku tatu niliruka, asubuhi na jioni, Ndeshi amelala ananitazama tu. Mguu haukupona. Watoto wakaniita Muua Miguu, na mpaka mferejini jina hilo lilitangulia kufika. Nikawa namchotea maji, namkatia majani ya ng'ombe. Nilipoolewa kule Maji ya Chai nilimwambia mume wangu, huyu tunakwenda naye. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua nilichofanya.

Juzijuzi nilimpeleka Ndeshi zahanati moja kule Kimandolu kwa ajili ya presha. Daktari, binti wa umri wa wajukuu zangu, alitupa shikamoo, kisha akamwangalia anavyotembea. Akampandisha kitandani, akamgonga goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka kama umeshtuliwa. Akatoa ufunguo mfukoni, akamkwaruza unyayo. Kidole kikanyanyuka, kilekile, vilevile.

"Bibi, hapa shida si mguu," akasema. "Ni mishipa inayoleta habari kutoka kwenye ubongo, iliumia mgongoni. Uliwahi kuanguka?"

Ndeshi akageukia ukutani.

"Nilianguka kwenye mparachichi. Nikafikia mgongo."

"Lini?" nikadakia mimi, si daktari.

"Siku ile ile uliyoniruka. Wasichana tulikatazwa kupanda miti, mdogo wangu. Bibi angenichapa."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unaruka tu. Nikasema utachoka, yataisha."

Yataisha! Tumezeeka nayo.

Simlaumu bibi yetu. Jicho lake liliona sawasawa na lile la msomi mwenye ufunguo. Ila aliuliza ni nani, hakuuliza imekuwaje. Na Ndeshi alikuwa mtoto, akaogopa fimbo, kisha akaniogopa mimi. Nimeitafuta hasira siku kadhaa sasa, siioni. Naona uchovu tu, kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima, akautua, akakuta ulikuwa wa mwenzake.

Tuliporudi nyumbani nilipika, nikakaa chini. Nikamwambia leo aje ajipakulie mwenyewe. Akaja anaburuta mguu, akapakua. Sahani ya kwanza akaniletea mimi.