Kimpira cha Manyoya

Kwa nini watu wazima wahangaike vile, eti kimpira cha manyoya kisianguke? Swali hilo lilinirudia juzi, nilipowaona watoto wa mtaa wa Elerai wakikipiga juu ya kamba.

Mara ya kwanza kukiona nilikuwa nje ya boma la Wajerumani. Baba alikuwa amefungwa humo kwa kukataa kubeba mawe ya barabara, nasi tulikuwa tumempelekea ndizi za kuchoma. Uani kulinuka chokaa mbichi. Bwana na bibi wa Kizungu walikuwa wakirushiana kitu cheupe juu ya wavu, pa, pa, pa.

Askari wa zamu aliniinamia. "Kabinti, unaona kile? Kikianguka kwa bibi, baba yako hatoki."

"Acha kumtisha mtoto, kaka," mama alisema.

"Namtania tu, dada."

Mimi sikujua kama ni utani. Bibi alianzisha, kikaenda, kikarudi, nami nikabana pumzi hadi masikio yakavuma. Kikaanguka miguuni pake. Nilijikojolea.

Jioni ile ile baba aliachiwa. Alininyooshea mkono, nikajificha nyuma ya mama. Niliamini baba yangu amebaki ndani, na huyu ni mwingine waliyempa sura yake. Nilimkimbia hivyo kwa muda mrefu, mpaka akaacha kuninyooshea mkono.

Baba alikwisha kufa nilipozisoma kanuni za mchezo ule. Enzi hizo, aliyeanzisha akishindwa, hakuna aliyepata pointi. Alipoteza zamu ya kuanzisha, basi.