Siku Tuliyoshinda Ntimaru

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo nikisema nimewahi kufundisha chuo kikuu, cheka kwanza umalize, halafu tuendelee. Mwalimu sikuwa. Nilikuwa mzee wa kukaa kiti cha mbele kila Ijumaa, katika chuo kimoja pale Homa Bay, vijana wakijifunza kubishana.

Kubishana kwa mpango, si kelele za sokoni. Wanaita mdahalo. Kuna wanaounga mkono na wanaopinga, na kuna kengele. Ukipitisha muda unapigiwa kengele, unyamaze hata kama neno liko nusu mdomoni. Na mtu akisema jambo zuri, wenzake hawapigi makofi. Wanagonga meza kwa viganja, ko-ko-ko. Mara ya kwanza nilidhani wana njaa.

Nilifikaje huko? Kazi yangu ni kushona viatu, Kendu Bay. Lakini mdomo wangu ulijulikana kuliko sindano yangu. Familia ikienda kuomba msichana, ilikuwa inanichukua niwe msemaji. Kwetu baba wa kijana hajiombei. Anakaa, anainamisha kichwa, na kuna mtu wa kusema kwa niaba yake, na mtu huyo kwa miaka mingi sehemu zetu zile nilikuwa mimi. Nimevaa koti moja kwenye harusi za watu ambao watoto wao sasa wananiletea viatu nishone. Koti lenyewe lilikuwa la marehemu shemeji yangu, refu mikono, ila hiyo ni hadithi nyingine.

Siku moja tulikwenda kwa watu fulani, wakatusema vibaya kweli kweli, mimi nikaitikia tu. Tukaondoka tumekubaliwa. Binamu wa yule msichana, mwanamke kijana mwenye miwani, akanifuata nje nikinawa mikono.

"Jaduong'," akaniambia, na hilo kwetu ndilo jina la kumwita mzee unayemheshimu, "mimi nafundisha mdahalo chuoni. Hiyo kitu umefanya hapo ndani, wanafunzi wangu hawaijui."

"Kitu gani?"

"Umekubali maneno yetu yote, na bado tumekupa msichana."

Nikacheka. Sikujua kwamba hilo linafundishwa. Ndivyo nilivyoanza kwenda.

Niseme ukweli, nilipenda. Mke wangu alikuwa ameshatangulia, Mungu ampumzishe, na nyumba ya mjane mwanaume ni kimya sana, hata kuku wanaingia mpaka chumbani wakiona hakuna wa kuwafukuza. Shati la Ijumaa nilikuwa nalifua Alhamisi. Nilikuwa nawasimulia vijana habari za ukweni, wanacheka, halafu mwalimu anaandika ubaoni mambo yake. Sentensi moja hakuifuta kamwe, ilikaa juu kabisa ya ubao: *Hoja isiyojibiwa imekubaliwa.* Maana yake, mwenzako akisema neno na wewe ukanyamaza, majaji wanahesabu umekubali.

Nilimwambia, "Mwalimu, mke wangu hakunijibu hoja hata moja maisha yake yote, na hakukubali hata moja."

Darasa zima likagonga meza. Hata yeye alicheka mpaka akavua miwani. Lakini sentensi ilibaki ubaoni, na mimi pia sikuifikiria zaidi. Ilikuwa mzaha tu. Laiti ningeufikiria mzaha wangu mwenyewe.

Sasa, kijana. Bora kuliko wote alikuwa kijana wa kwetu Kendu Bay, mrefu, baba yake mvuvi. Akisimama alikuwa anahesabu hoja kwa vidole, na akifika kidole cha tatu ujue mwenzake amekwisha. Alikuwa na mtindo wake: anakusikiliza, anangoja useme kitu hapa na kitu pale, kisha anaviweka pamoja mbele ya watu na kuuliza, haya mawili yanasimamaje pamoja? Mimi nilikuwa nagonga meza kuliko vijana wenyewe.

Wa kumweza alikuwa mmoja tu, msichana Mkuria kutoka Ntimaru, aliyekuwa akisoma chuo cha Migori. Vyuo hivi viwili vilikuwa vinatembeleana kushindana. Siku ya kwanza walipokutana, msichana alimshinda. Siku ya pili wakashindana tena, baadaye nikawaona nyuma ya jengo wakila mahindi ya kuchoma na bado wanabishana, juu ya nini sijui, nafikiri juu ya nani alipe mahindi. Nikamwambia mwalimu, hapa kuna kazi yangu inakuja.

Ikaja kweli. Kijana alinikuta kwenye kibanda changu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Jaduong', utanisemea?"

"Nani mwingine angekusemea? Mdomo wako mwenyewe?"

Msichana aliniita pembeni kabla ya safari. Baba yake alikuwa amekufa zamani, akalelewa na baba yake mkubwa, na mzee huyo ndiye aliyeuza madume yake ya ng'ombe ili yeye asome. Bila neno la mzee huyo, hakuna ndoa. "Baba mkubwa atawatukana," akasema. "Akitukana, ndiyo anapenda. Akikuletea heshima nyingi, ujue amekukataa. Tafadhali mwambie asijibu."

Nilimwambia. Maneno yangu nayakumbuka: "Ukweni wewe ni kiti. Kiti hakisemi." Akacheka, akasema sawa, jaduong'. Na mimi nikaona nimemaliza. Sentensi moja ya kibandani, dhidi ya Ijumaa zote zile.

Tulikwenda mimi, baba yake, yeye, na wenzake wawili wa mdahalo waliomsindikiza. Ntimaru ni juu, hewa yake si hii yetu ya ziwa, goti langu lilijua kabla yangu. Tulikaribishwa ndani, meza ndefu ya mbao katikati. Baba mkubwa alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia, na kando yake wazee wa rika lake kwenye benchi.

Jambo moja nililipuuza. Kwetu ningesema Dholuo, na kwao wangesema Kikuria, na kila lugha ina mahali pake pa kufichia makali. Lakini sisi na wao tunakutana kwenye Kiswahili tu. Mimi Kiswahili changu ni cha sokoni, cha mzee wa Ntimaru ni cha mnada wa ng'ombe. Cha kijana kilikuwa cha mdahalo.

Ilianza vizuri. Mzee akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi watu wa ziwa, mmekuja kuomba msichana au mmekuja kuuza samaki?"

"Samaki walikataa kuja, mzee. Waliogopa milima."

Wazee wakacheka. Mmoja akapiga goti lake.

"Ng'ombe mnawajua?"

"Tunawaona wakipita."

"Na kufunga ndama mnajua?"

"Ndiyo maana tumekuja kwako, utufundishe."

Nilikuwa nimeshaonja ile nyama tuliyoisikia ikikaangwa. Nawaambia, mambo yalikuwa yamekwisha. Mzee alikuwa anafurahi. Akasema hata mbele ya watu kwamba wao hawamkatai mtu kwa sababu ya kabila lake, Ntimaru kumeolewa kila upande. Halafu akaongeza chumvi, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga iliyoiva.

"Lakini watu wa ziwa hawafai! Huyu baba wa kijana analala na samaki. Kijana atalala na vitabu. Mtoto wetu atakunywa nini, maji ya ziwa?"

Baba wa kijana akainamisha kichwa, inavyotakiwa. Nafikiri ni hicho kichwa kilichoinama ndicho kilichomwinua mtoto wake. Nimefikiri sana, na sioni kingine.

Alisimama. "Kwa ruhusa yako, mzee. Nina hoja tatu."

Nikamvuta koti. Hakuhisi.

Kidole cha kwanza: baba yake alimsomesha kwa ziwa hilo hilo, kwa hivyo kulala na samaki si uvivu. Kidole cha pili: anayeuza ng'ombe ili mtoto asome, amekubali mwenyewe kwamba vitabu vinalisha. Hapo mzee mmoja wa pale benchini akakohoa. Kidole cha tatu, sauti ikateremka vile vile ninavyoijua: "Umesema hamumkatai mtu kwa kabila lake. Umesema pia watu wa ziwa hawafai. Haya mawili hayawezi kusimama pamoja, mzee. Moja ni uongo."

Na wale wenzake wawili wakagonga meza. Ko-ko-ko.

Hawakukusudia. Viganja vilizoea. Mlangoni kulikuwa na vijana wa boma wakichungulia, na mmoja akasema kwa furaha, "Leo mzee amepatikana!" Wakacheka.

Baba mkubwa hakututazama sisi. Aliitazama ile meza, meza yake. Halafu akasema taratibu, kwa heshima nyingi, "Umesema vizuri sana, kijana wangu. Mnisamehe kidogo, nikafunge ndama."

Akatoka.

Tuliletewa chakula. Wazee wakala nasi, wakatuuliza habari za mvua. Nilitafuna ile nyama kama natafuna soli. Baba mkubwa hakurudi. Jua likateremka, tukaaga, tukasindikizwa vizuri mpaka barabarani, na hakuna aliyetaja msichana.

Wenzake walikuwa wanampongeza njiani. "Buda, ulimmaliza! Ile ya tatu, aki!" Naye alikuwa anatabasamu. Tulikuwa tumeshashuka mbali alipogeuka kwangu.

"Jaduong', ile saa tulikuwa ndani, ndama walikuwa wapi?"

"Malishoni."

Tabasamu likamwisha. Baba yake alikuwa amekaa dirishani mwa matatu, na sijamsikia hadi leo akimlaumu mwanawe. Alisema kitu kimoja tu tulipofika: "Alinitetea." Akarudia, "Alinitetea," kama anayejaribu kama neno hilo linamtosha mguu.

Nilirudi Ntimaru peke yangu. Msemaji anayeharibikiwa hutumwa na miguu yake mwenyewe. Baba mkubwa alinipokea kwa maziwa lala, tukakaa nje karibu na zizi, akaniuliza goti.

"Yule kijana alisema kweli," akasema. "Nilijipinga. Hata mimi nilijisikia."

"Basi mzee, kama ni kweli..."

"Nilikuwa nacheza naye. Nilimpa fimbo ashike upande mmoja, tuvutane kidogo. Akanipiga nayo mbele ya rika langu." Akanywa maziwa. "Sina neno naye. Sikatai. Msichana ana akili, aamue mwenyewe. Akisema ndiyo, mimi nitafunga ndama kweli, nije nikae."

Niliteremka kwenda Migori nikiwa na furaha ya kijinga, goti haliumi. Nikamkuta msichana chuoni kwao, tukakaa kwenye ngazi. Nikampa maneno ya baba yake mkubwa yote.

"Amenipigia simu," akasema. "Nimemsamehe yule kijana, jaduong'. Nampenda. Lakini nikifikiria nyumba yetu, tukizeeka, baba mkubwa amekuja kututembelea anasema mambo yake ya ovyo, nakisikia kidole cha tatu."

"Ni mtoto bado. Atajifunza."

"Najua atajifunza." Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake, kiatu kizuri, soli imeanza kuachia. "Nilitaka mtu anayeweza kushindwa na baba mkubwa siku moja. Siku moja tu. Si lazima kila siku."

 Mimi, msemaji, nilimwambia anipe kile kiatu nikishone, akasema hapana, asante, jaduong', atakipeleka kwa fundi wa hapo stendi.

Mwalimu nilimwambia Ijumaa. Akaitazama ile sentensi ya juu ya ubao. "Nilifundisha vibaya?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, ulifundisha vizuri sana, ndiyo maana. Si jibu la kumfurahisha mtu. Kama ningekuwa na elimu ningelisema kwa njia bora: kwamba kuna maneno mtu anayasema ili ajibiwe, na kuna mengine anayasema ili uyabebe naye kidogo, na kwamba kwa masikio yanafanana kabisa. Nililijua hilo maisha yangu yote. Nimekula nyama ya harusi nyingi kwa kulijua. Nililileta darasani likiwa mzaha juu ya mke wangu, wakagonga meza, nikakaa.

Walikutana mara moja tena, kwenye mashindano ya Migori. Nilikwenda na koti langu. Mada ilikuwa kufunga ziwa wakati samaki wanazaana; yeye kijana anaunga mkono, msichana anapinga. Msichana hakuwa na siku nzuri. Alisema hapa kwamba wavuvi wenyewe wanajua kulinda ziwa, na baadaye kidogo akasema bila askari ziwa litakwisha. Ukumbi mzima uliona. Hata mimi wa darasa la nne niliona.

Kijana akasimama. Kidole cha kwanza. Kidole cha pili. Kidole cha tatu kilianza kunyooka, kikarudi. Akamshukuru mwenyekiti, akakaa. Kengele ilikuwa haijalia.

Majaji waliwapa Migori. Wenzake wakamzunguka, "Wee, ulilala?" 

Msichana alikuja kunisalimu kwanza, kwa mikono miwili. Kisha akasimama mbele yake, karatasi zake kifuani.

"Ulikuwa na muda bado."

"Najua."

Alimtazama. Nilidhani atacheka, ningeapa kwamba mdomo wake ulitaka kucheka.

"Hiyo," akasema, "ilikuwa ya kufanywa kule Ntimaru."

Akaenda kwa watu wake. Nao walipomwona anakuja wakaanza kugonga meza, wote, kwa furaha ya kushinda, kelele mpaka madirishani. Kijana alikuwa amesimama pale pale. Mimi mikono yangu niliiweka magotini, nikaishika.